Tawi la Mama Vumbi

Dada yangu amechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza analoliona mtu akimtazama, na kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa habari za kazi hujibu, "Nimechoka, sijui nyinyi." Si uchovu wa kubeba mizigo. Ni wa kukodolea macho nyota kutwa nzima kwenye kompyuta, mtu ameketi katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la pili.

Kazini wanamwita Mama Vumbi. Wageni wa idara wakilisikia jina hilo hudhani ndiye msimamizi wa usafi, na zaidi ya mmoja ameshamwomba ufunguo wa choo. Huwapa. Hana nguvu za kueleza.

Kazi yake ni kuchora ramani ya galaksi yetu, hii Njia Nyeupe ambayo mtu huiona angani kama mkwaruzo wa chaki. Shida ni kwamba sisi wenyewe tumo ndani yake. Mfungie mtu chumbani, mkataze kutoka, kisha mwambie achore ramani ya nyumba nzima, korido na vyumba vyote. Halafu hiyo nyumba ijaze vumbi. Maana kati ya nyota kuna vumbi jingi, limetanda mikanda kwa mikanda, na mwanga wa kawaida haufui dafu mbele yake. Unaopenya ni mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni ila ngozi huusikia kama joto ukikaa karibu na pasi. Kwa hiyo darubini zao, zilizo mbali huko milimani, hupiga picha za infraredi, picha zinatumwa, na dada yangu anakaa kukokotoa kila nyota iko umbali gani na vumbi lililo mbele yake ni kiasi gani. Ndiyo asili ya jina.

Mimi ni fundi wa friji. Katika yote aliyowahi kunieleza, nililolielewa mara moja ni kwamba kamera zile lazima zipozwe kupita nyama ya buchani, la sivyo joto la kamera yenyewe litang'aa kuliko nyota. Nilimwambia siku ile, "Kumbe na nyinyi mnaishi kwa compressor, kama friji zangu." Akacheka mpaka akakohoa. Ni zamani kidogo, siku hizi hacheki hivyo.

Tunaishi nyumba moja. Mimi na mke wangu tuna vyumba vya mbele, dada ana chumba cha nyuma tangu ndoa yake ilipovunjika. Mumewe alisema amechoka kuishi na mtu ambaye ukimsemesha anarudi taratibu kutoka mbali. Sikumpenda yule bwana, lakini kwa hilo sikuweza kumbishia. Sebuleni tumemlaza baba, kwa sababu ndicho chumba chenye mwanga na ndicho wanachopitia watu.

Baba alikuwa mpima ardhi. Miaka yote ya kazi yake alibeba chombo chake chenye miguu mitatu, akasimika vigingi, akachora mipaka ya mashamba na viwanja. Alikuwa na sheria moja ambayo ilitutesa utotoni: ukikosea, hufuti. Unapitisha mstari mwekundu juu ya kosa, unatia jina lako pembeni, ndipo unachora upya. Ofisini kwao ilikuwa hivyo, na aliyechora ndiye aliyekata, hakuna kumtuma mwenzako. Ramani iliyofutwa kwa raba, alisema, ni ramani inayomdanganya atakayekuja baadaye, maana hataona watu walijikwaa wapi. Tulikuwa watoto pekee shuleni wasio na raba. Madaftari yangu yalikuwa mekundu kama yamechinjiwa kuku. Ya dada yalikuwa masafi.

Baba alipatwa na kiharusi, kikachukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Aliyekuwa akisimulia mpaka chai inapoa alibakiwa na maneno ya kuhesabika: maji, taa, hapa, hapana, binti yangu. Na hilo la mwisho alilitumia kuliko yote, kwa sababu ya tawi.

Tawi ndiyo habari yenyewe. Galaksi yetu ina mikono inayojizungusha kutoka katikati. Kati ya mikono miwili, upande ambao vumbi ni zito, dada aliona nyota zimejipanga kama tawi dogo linalounganisha mkono mmoja na wa pili. Hakuna aliyekuwa ameliona kabla yake. Kwenye maandishi ya kitaalamu likapewa tarakimu, lakini idarani wakaliita Tawi la Mama Vumbi, na kwenye ramani iliyochapishwa likaandikwa hivyohivyo, kwa herufi ndogo. Wengine wana watoto, wengine wana nyumba za ghorofa. Dada yangu alikuwa na tawi.

Baba alitaka ramani hiyo ibandikwe ukutani, miguuni pa kitanda chake. Akija daktari, akija msoma mita ya maji, akija mteja wangu kuulizia friji lake, baba anainua fimbo kwa mkono wa kushoto, anagonga pale palipo na tawi. "Hapa," anasema. Anavuta pumzi. "Binti yangu." Msoma mita alishaoneshwa mara nyingi kiasi kwamba akiingia hulitaja yeye kwanza, "Naam mzee, tawi nimeliona," ili awahi nyumba nyingine. Baba huligonga vilevile.

Daktari alituambia waziwazi kwamba mtu wa hali ile huishi kwa kile kinachomfanya atake kuamka. Hakuuliza kwetu ni nini. Alishapigiwa fimbo ukutani.

Sasa, alasiri moja dada alirudi mapema, jambo ambalo si kawaida yake. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akaja karakanani kwangu uani, akakaa juu ya friji bovu lililolazwa chali, mkoba bado begani. Nilikuwa nachomelea bomba. Nikazima moto.

"Fundi," aliniambia, maana hata yeye huniita hivyo. "Tawi halipo."

"Limekwenda wapi?"

"Halikuwapo."

Nilidhani ananitania, nikamtazama usoni. Uso ulikuwa umemsawijika. Akanieleza polepole, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

Ziko nyota nyekundu za makamo ambazo zote huwaka karibu sawasawa, kama balbu za kiwanda kimoja. Ukiiona moja hafifu unajua iko mbali. Lakini vumbi nalo hufifisha, kwa hiyo inabidi kwanza ujue vumbi ni kiasi gani, uliondoe kwenye hesabu. Ukiwa na picha za infraredi za rangi mbili unaweza kulijua mbele ya kila nyota. Ukiwa na za rangi moja, unakisia.

"Na nyinyi mlikisia," nikasema.

"Kipande kile tu. Picha za rangi ya pili zilitoka ukungu mtupu. Mtambo wa kupozea kamera ulikuwa umeharibika."

Niliona haya kwa niaba ya mafundi wote wa friji duniani.

"Tukachukua wastani wa vumbi la eneo lote," akaendelea. "Mimi ndiye niliyesema tuchukue wastani. Sasa wamelipiga upya eneo lile, picha zimekuja nzuri. Pale pana tundu, Fundi. Vumbi ni jepesi, basi. Nyota tunaziona nyingi kwa sababu hakuna kinachozificha, na mimi nilikuwa naziondolea vumbi ambalo hazina, nikazivuta karibu. Zimetawanyika huko nyuma, mbali sana, hazijajipanga popote. Tawi nimelitengeneza mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Picha zilikuja kwangu."

"Basi liache."

Nilisema hivyo na sioni haya kusema kwamba nilisema. Nikamwambia ni kitawi kidogo, mbingu ni kubwa, nani atakwenda huko kuangalia? Akanitazama kwa yale macho yake yenye mifuko.

"Linatuelekea," alisema.

"Nini?"

"Tawi. Ukilitazama vizuri linatuelekea sisi. Mtu akisimama na chombo akakosea umbali, kosa lake linakaa juu ya mstari uleule anaoutazama, mbele au nyuma. Linamnyooshea kidole. Vijana wapya wakija, hilo ndilo nawafundisha siku ya kwanza: chochote kinachonyooka kuja kwetu, kishuku. Na langu nililichora nikalipinda kidogo, kwa sababu mikono yote imepinda. Nililipinda kwa mkono wangu bila hata kujua."

Kisha akasema amechoka, akabaki amekaa juu ya lile friji mpaka mke wangu akatoka kumwita ale. Hakula.

Ramani mpya ilitakiwa kukabidhiwa mwisho wa wiki, ndiyo itakayochapishwa na kusambazwa kila mahali. Siku zile kabla ya kukabidhi zilikuwa nzito ndani ya nyumba. Asubuhi dada alipita sebuleni haraka, akimwamkia baba akiwa ameshafika mlangoni. Baba alikuwa anamfuata kwa macho. Mchana nilipotoka uani kwenda kunywa maji nilisikia fimbo ikigonga ukuta, hapa, binti yangu, na sijui aliyekuwa akioneshwa safari hiyo ni nani.

Tuligombana jikoni. Mke wangu aliona ajabu, maana mimi na dada hatugombani, tunataniana tu.

"Baba utamuua," nilimwambia.

"Najua."

"Unajua halafu?"

"Halafu nini? Unataka niende kazini kila siku nikae na kitu ambacho najua hakipo? Watu wanapiga hesabu zao juu ya tawi langu. Kuna binti mmoja sijui nchi gani ameandika kitabu kizima akieleza lilivyotokea. Lilivyotokea! Lilitokea kwa sababu nilichoka nikasema tuchukue wastani."

"Basi futa huko kazini, hapa nyumbani liache. Ukutani halimdhuru mtu."

Dada alishika kingo za sinki kama mtu anayesubiri kizunguzungu kipite. Nilikuwa na hasira. Niliona anachagua nyota ambazo hazimjui badala ya mzee aliyelala chumba cha pili, na nikamwambia hivyo kwa maneno makali zaidi ya haya. Aliondoka bila kufunga bomba la maji.

Siku ya kukabidhi aliniomba nimsindikize. "Sitaki kuwa peke yangu," alisema, na kwa kuwa hajawahi kuniomba jambo la namna hiyo nilifunga karakana nikaenda.

Chumba chao kina meza nne, feni moja ambayo inalia upande mmoja, na harufu ya chai iliyosahauliwa. Mkuu wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, alisimama nyuma ya kiti cha dada. Alikuwa ameshaelezwa. Dada aliifungua ramani kwenye kioo, zile nukta zisizo na idadi, akalikuza eneo lake. Hata mimi niliona jinsi lilivyonyooka kuja kwetu. Akazizungushia mstari, akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika.

Dada alicheka kidogo kwa pua. "Hata wewe," aliiambia. Akabonyeza tena. Zile nukta zikaruka, zikatawanyika nyuma zilikostahili kuwa, na pale palipokuwa na tawi pakabaki peupe.

Mkuu akasema, "Na jina pia, Mama Vumbi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako. Dada akalitoa jina.

"Asante," mkuu akasema, akarudi mezani kwake. Feni ikaendelea kulia. Nusu ya mambo yale siyajui. Nilitaka mtu mmoja mle ndani asimame, apige meza, aseme neno. Walikuwa na kazi zao. Dada alichapisha nakala ya ramani mpya, akaikunja duara, akaifunga kwa mpira, tukatoka.

Njiani nilimsihi mara ya mwisho. Alisema tu, "Niache, mdogo wangu. Nikisema sasa hivi nitasema yote mara moja, nikipumzika sitaweza."

Baba alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito. Dada akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda bila kuvua viatu.

"Baba."

Baba akainua fimbo, akaielekeza ukutani kwa mazoea.

"Hapana, baba. Ishushe. Tawi halipo. Nilikosea. Nilikisia vumbi badala ya kulipima, na nimelitoa leo mimi mwenyewe. Nimekuja na ramani nyingine."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na mke wangu nyuma yangu. Baba alishusha fimbo juu ya shuka. Akafumba macho. Akakaa hivyo, kifua kikipanda na kushuka, na dada akawa anamtazama tu, mikono imelala mapajani kama si yake. Mimi nilishaanza kufikiri nitampigiaje simu daktari, na nitamsamehe vipi dada yangu.

"Nyekundu," baba alisema.

Hatukumwelewa. Akafumbua macho, yamekasirika, kama alivyokuwa akitutazama tukiwa wadogo tunachelewa kumpa kigingi. "Nyekundu!"

Dada ndiye aliyeelewa. Aliinuka, akaenda kwenye rafu ambako vitu vya kazi vya baba vimekaa ndani ya kopo la biskuti, akarudi na penseli nyekundu, fupi kama kidole gumba. Akataka kumpa. Baba akatikisa kichwa, akanyanyua fimbo, akagonga ramani ya zamani. Pale pale.

"Wewe," alisema.

Dada akakisogeza kiti karibu na ukuta kwa mguu, akapanda. Nilimwona nyuma tu, ile sweta yake iliyochakaa viwikoni. Akapitisha mstari mmoja mwekundu juu ya tawi, toka mwanzo hadi mwisho. Alipotaka kushuka fimbo ikagonga tena.

"Jina."

Akaandika jina lake pembeni, lile alilopewa na wazazi, si la vumbi.

"Nini?" baba akauliza. Fimbo ilikuwa bado imeinuliwa. "Hapo. Nini?"

Dada aligeuka juu ya kiti. "Ni dirisha, baba. Vumbi ni jepesi pale. Ukipita hapo unaona mbali kuliko upande wote ule."

"Andika."

Akaandika. Ndipo akaketi juu ya kile kiti alichokuwa amesimamia, akalia kwa sauti kama mtoto, na baba akamwacha alie. Mke wangu alitaka kwenda nikamshika mkono.

Ramani mpya hatukuibandika. Baba hakuitaka, imekaa nyuma ya kabati na mpira wake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mchana akaja muuguzi wa kumnyoosha baba mguu, mgeni, yule wa zamani amehamishwa. Dada alikuwa chumbani kwake, amejitupa kitandani na nguo zake. Nilikuwa nampelekea chai nikasikia fimbo ikigonga ukutani sebuleni, nikasimama kwenye korido.

"Hapa," baba alisema. Akavuta pumzi. "Binti yangu."

Muuguzi akasema kitu cha adabu.

"Alikosea," baba akamwambia, kwa sauti kubwa, kama anatangaza harusi. Likafuata neno lingine, na lingine, maneno ambayo mengi yake hatukuwa tumeyasikia tangu augue, kila moja akilivuta kama ndoo ya kisimani. "Akakata. Mwenyewe. Akaandika. Jina."

Niliingia chumbani. Dada alikuwa amelala kifudifudi, uso umezama kwenye mto, lakini alikuwa amesikia.

"Fundi," alisema ndani ya mto. "Mwambie apunguze sauti. Nataka kulala."

Nikaweka chai juu ya kiti. Nilipogeuka alikuwa ameshalala, mdomo wazi, viatu mguuni. Nikamvua viatu, nikatoka, nikafunga mlango. Sebuleni baba alikuwa anaanza tena kutoka mwanzo, na sikumwambia kitu.